Mafiga ya Gusii

Anayeshuka matatu mjini Keroka, kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Sotik, anaweza kununua ndizi katika kaunti moja na kuzila katika nyingine bila kuvuka mto wala kusimamishwa na askari. Mpaka wa Kisii na Nyamira unapita katikati ya mji. Upande mmoja ni Nyaribari Masaba, iliyo chini ya Kisii; upande wa pili ni Kitutu Masaba, iliyo chini ya Nyamira. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, pande hizo mbili zimekuwa zikivutana kuhusu nani ana haki ya kukusanya ushuru wa soko. Watu ni wale wale, Ekegusii ni ile ile, na harusi za Jumapili huchanganya ukoo wa huku na wa kule. Lakini risiti ni mbili.

Mgeni atadhani ni mambo ya juzi, mstari uliochorwa na makarani wa Nairobi. La hasha. Mstari wenyewe ni mzee kuliko Nairobi, kwa sababu kwa kiasi kikubwa unafuata mahali ambapo nchi ya Abanyaribari ilikutana na nchi ya Abagetutu kabla ya karani wa kwanza kupanda mlima akiwa na kalamu na daftari. Siasa ya Gusii, tangu enzi za mikuki hadi enzi za magavana, haieleweki bila kuanzia kwenye mistari ya namna hiyo.

Ramani husaidia kidogo. Kaunti ya Kisii ina takriban kilomita za mraba 1,320, na Nyamira karibu 900. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Ulaya kuna dola tatu za milimani ambazo watu huzitaja kama maajabu ya udogo: Andorra, iliyojibana kati ya Ufaransa na Hispania, Liechtenstein, iliyobanwa kati ya Uswisi na Austria, na San Marino, iliyozungukwa na Italia pande zote. Ukizijumlisha zote tatu, ardhi yake haifiki ukubwa wa Nyamira peke yake. Zote zina viti Umoja wa Mataifa, ilhali Nyamira haina. Sababu si ukubwa wala idadi ya watu. Ni bahati ya historia, na pengine mlango mmoja uliofungwa mwaka 1907.

Kabla ya mlango huo kufungwa, milima hii ilijitawala vipi?

Haikuwa na mfalme. Wazee husimulia kwamba Abagusii walitoka kaskazini, wakapitia upande wa Mlima Elgon, wakakaa nyanda za Kano karibu na Ziwa Victoria, kisha wakasukumwa juu milimani na majirani na shida. Mahali pamoja walipotua, Kabianga, nchi ya Kericho ya leo, simulizi husema mifugo ilikufa na mazao yakagoma, na jina lenyewe huelezwa kuwa linatokana na kukataa huko. Kufikia karne ya 19 walikuwa wameenea kwenye vilima hivi vya kijani wakiwa makundi makubwa sita: Abagetutu, Abanyaribari, Abagirango, Ababasi, Abamachoge na Abanchari. Abagirango walipasuliwa na vita na uhamaji wakajikuta mahali pawili mbalimbali, wengine kaskazini na wengine kusini. Ndiyo maana hadi leo kuna Mugirango Kaskazini na Mugirango Magharibi katika Kaunti ya Nyamira, na Mugirango Kusini mbali kabisa, kule Tabaka kunakochongwa mawe laini ya sabuni, katika Kaunti ya Kisii.

Kila kundi lilikuwa nchi. Ndani ya nchi kulikuwa na koo, na ndani ya ukoo milango midogo zaidi. Neno moja la Ekegusii linafungua mfumo wote: riiga, wingi wake amaiga. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani, kwani ni lile lile figa letu, jiwe la jikoni. Abagusii waliita tawi la ukoo kwa jina la jiwe linaloshika chungu. Waliokula kutoka moto mmoja walikuwa serikali moja ndogo: walilipa mahari pamoja, walilipiza kisasi pamoja, walizika pamoja. Juu yao hapakuwa na bwana. Ugomvi wa jirani na jirani ulikwenda mbele ya wazee wa mtaa, etureti, ambao hawakuwa na polisi wala jela. Walichokuwa nacho ni maneno, aibu, faini ya mbuzi, na mwisho kabisa kiapo, emuma, ambacho mwongo alikiogopa kuliko kiboko.

Baina ya nchi na nchi hali ilikuwa nyingine. Kuna msemo wao wa zamani unaosema kwamba tunaowaoa ndio tunaopigana nao. Huo si utani. Ukoo haukuruhusu mtu kuoa ndani yake, kwa hiyo bibi harusi alitoka kwa watu ambao pengine mwaka uliotangulia walikuwa wamewapiga mikuki shemeji zake. Vijana walikaa kwenye ebisarate, kambi za ng'ombe zenye boma, wakilinda mifugo dhidi ya Wakipsigis, Wamaasai, na mara nyingine dhidi ya Abagusii wenzao. Kambi hizo ndizo zilizokuwa jeshi. Hazikuwa na mkuu wa majeshi. Zilikuwa na mbiu, na kila aliyeisikia alijua la kufanya.

Isipokuwa Kitutu, nchi ya Abagetutu. Pale, chini ya ukingo wa Manga, mambo yalielekea kuwa tofauti. Simulizi humtaja Nyakundi kama mwanzilishi wa ukoo uliopokea wakimbizi kutoka koo nyingine zilizoshindwa vitani. Waliopokelewa waliitwa abamenyi, wakaazi, na wenyeji wakabaki na heshima ya wenye nchi. Kutokana na hapo kulitokea cheo ambacho koo nyingine hazikuwa nacho kwa ukubwa ule: omogambi, mwamuzi, aliyerithi nafasi yake, akasikiliza kesi na kupokea faini za ng'ombe. Hakuwa mfalme, lakini alikuwa njiani kuelekea huko. Kitutu ikawa kubwa kuliko nchi zote za Gusii, na hesabu ya ukubwa huo inasikika bado katika kila kampeni ya ugavana. Mtu anaweza kujiuliza ingekuwaje kama omogambi angepewa karne moja zaidi.

San Marino ilianza hivyo hivyo. Nguvu zake za kale zilikuwa mikononi mwa Arengo, mkutano wa wakuu wa nyumba, kila moto na mzee wake. Baadaye wakaona mkutano huo mzito, wakakabidhi madaraka kwa baraza, na tangu mwaka 1243 wanachagua viongozi wawili kwa wakati mmoja, ambao siku hizi hukaa madarakani miezi sita tu kisha hutoka. Viongozi wawili ili mmoja amchunge mwenzake, na miezi sita ili asizoee kiti. Mzee wa etureti angeelewa mantiki hiyo bila kufundishwa.

Tofauti ni kwamba San Marino haikukutana na bunduki ya Maxim.

Umoja wa koo za Gusii ulionekana zaidi pale hatari ilipotoka nje. Karibu mwaka 1892 Wakipsigis walivamia kwa wingi wakateremka hadi karibu na Manga, na pale, kwenye mto Charachani, Abagusii wakawapiga kipigo kilichobaki katika simulizi za pande zote mbili kwa jina la vita vya Saosao. Enzi hizo hizo ndipo alipoishi Sakagwa, mwonaji mashuhuri kuliko wote, ambaye hukumbukwa kwa kutabiri kuja kwa wageni weupe na mahali ambapo mji wao ungesimama. Mji ulisimama kweli. Wenyeji waliuita Getembe, na pia Bosongo, yaani kwa Wazungu. Ni Kisii ya leo, yenye Soko la Daraja Mbili, Uwanja wa Gusii na msongamano wa boda boda ambao sidhani kama hata Sakagwa aliuona.

Waingereza walikuja kwanza na adhabu, ndipo wakaja na ofisi. Mwaka 1905 waliwatuma askari. Mwaka 1907 wakafungua kituo cha utawala na kumweka Geoffry Northcote, kijana ambaye Abagusii walimwita Nyarigoti. Alitoza kodi na kuteka ng'ombe wa wasiotii. Mwanamke mmoja wa Kitutu, Moraa Ngiti, mwenye sifa ya uaguzi, aliwauliza wanaume wamekuwa nini wakiona ng'ombe wanakwenda. Januari 1908, Otenyo Nyamaterere, kijana wa jamaa yake Moraa, alimvizia Northcote njiani akamchoma mkuki.

Northcote hakufa. Kilichofuata kilikuwa msafara wa kuadhibu: nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu, watu wakauawa kiasi kwamba Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni kule London, alituma ujumbe kuhoji kama kweli ilikuwa lazima kuendelea kuwaua watu wasio na kinga. Otenyo alikamatwa akauawa. Inaaminiwa Gusii kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza, na jamaa na wazee wamekuwa wakidai kirudishwe azikwe mzima. Northcote alipanda cheo hadi akawa gavana wa Hong Kong, kuanzia mwaka 1937 hadi 1941.

Hapa ndipo milima hii ilipoachana na ile ya Ulaya. Andorra nayo ilikuwa na wakubwa wawili wa nje waliokuwa wakiitamani, Askofu wa Urgell na Mtemi wa Foix. Mwaka 1278 hao wawili waliandikiana mkataba wa kuitawala pamoja, na kwa kuwa kila mmoja alimzuia mwenzake kuimeza, nchi ikabaki. Mpaka leo wakuu wa dola la Andorra ni wawili: askofu yule, na Rais wa Ufaransa aliyerithi nafasi ya mtemi, ambaye hata si raia wa Andorra. Gusii ilipakana na Waluo, Wakipsigis, Wamaasai na Wakuria, lakini aliyekuja kuimeza alikuwa mmoja tu na hakuwa na mpinzani. Wajerumani walijaribu, ni kweli. Septemba 1914, wiki chache tangu Vita Vikuu vianze, kikosi chao kutoka Tanzania Bara ya leo kiliingia Kisii. Waingereza wakakimbia, kisha wakarudi na kupigana nacho tarehe 12. Katikati ya vurugu hiyo Abagusii walivamia mji na kituo cha misheni cha Nyabururu wakachukua kila kilichobebeka. Walidhani utawala umekwisha. Faini waliyotozwa baadaye, kwa ng'ombe, iliwaeleza vinginevyo.

Waingereza walihitaji mtu wa kumwamuru, na Gusii haikuwa naye. Basi wakamtengeneza. Ebisarate zikavunjwa ili vijana wasiwe jeshi. Machifu wakateuliwa, mmoja kwa kila nchi, na kwa mara ya kwanza Mnyaribari au Mmachoge akawa na mkubwa aliyelipwa mshahara kutoka nje. Lakini angalia walivyogawa: hawakuchora upya. Walichukua nchi zile zile za koo, wakazipa jina la lokesheni, wakaweka chifu juu. Wapinzani walijaribu njia nyingine. Dini ya Mumbo, iliyotoka kwa Waluo mwaka 1913 na kudai Wazungu wangetoweka, ilishika sana Gusii hata serikali ikawahamisha viongozi wake hadi pwani. Haikufaulu, na mwaka 1925 zilipoanzishwa halmashauri za wenyeji, machifu na wasomi wachache wa misheni ndio waliokaa vitini. Senior Chief Musa Nyandusi wa Nyaribari na Zachariah Angwenyi wa Kitutu wakawa majina makubwa ya kizazi kile.

Mwana wa Nyandusi ndiye Simeon Nyachae. Kupanda kwake kunaonyesha jinsi nyumba ya chifu ilivyogeuka kuwa daraja la kwenda Nairobi: mkuu wa mkoa, katibu mkuu wa serikali, waziri wa fedha, kisha mgombea urais. Hakuwa wa kwanza. Lawrence Sagini aliingia katika baraza la mawaziri wakati wa uhuru, akaangushwa mwaka 1969 na mchumi Zachary Onyonka. George Anyona, wa upande wa Kitutu, aliitia tumbo joto serikali bungeni hadi akawekwa kizuizini mwaka 1977. Katika uchaguzi wa 2002, taifa lilipokuwa likimpigia Mwai Kibaki kwa kishindo, Nyachae alisimama kwa tiketi ya FORD-People na milima ya Gusii ikamfuata yeye. Kwa Kenya nzima alipata chini ya asilimia 6. Kwa Gusii, haikuwa kushindwa. Ilikuwa kura ya nyumbani, ya watu wanaohesabu kwanza figa lao, halafu nchi.

Ni vyema kusema pia kwamba figa hilo hilo huwaumiza. Mgawanyiko wa Nyamira kutoka Kisii, uliofanyika mwishoni mwa miaka ya 1980, ulisifiwa kama kusogeza serikali karibu na watu. Ulisogeza kweli, lakini pia uliweka Abagetutu pande mbili, Kitutu Chache huku na Kitutu Masaba kule. Uswisi wana kisa kama hicho, ingawa chanzo chao kilikuwa dini: mwaka 1597 jimbo la Appenzell lilipasuka, Wakatoliki wakabaki upande wa ndani na Waprotestanti wakachukua wa nje, na hadi leo ni nusu-majimbo mawili. Gusii nayo ina Wakatoliki wa Nyabururu na Waadventista wa Nyanchwa. Lakini hawakugawana nchi kwa ajili ya Sabato. Waligawana kwa ajili ya ukoo.

Borabu ndiyo isiyoingia katika hesabu hii vizuri. Ilikuwa sehemu ya ardhi ya walowezi, ikanunuliwa na kugawanywa kwa Abagusii wakati wa uhuru, watu wa koo zote wakichanganyika kwenye mashamba ya chai na ng'ombe wa maziwa mpakani mwa Sotik. Mkazi wa Borabu hana babu aliyezaliwa pale miaka 200 iliyopita. Ana hati ya shamba. Na siasa ya kule hupimwa kwa bei ya majani mabichi na usalama wa ng'ombe zaidi kuliko kwa jina la ukoo, jambo ambalo wanasiasa kutoka Kitutu na Mugirango hulisahau kila wanapopiga mahesabu.

Katiba ya 2010 ilizirudishia kaunti madaraka ambayo Gusii haikuwa nayo tangu 1907: afya, barabara ndogo, kilimo, masoko. Machi 2013 James Ongwae alichaguliwa gavana wa kwanza wa Kisii, na John Nyagarama wa kwanza wa Nyamira. Nyagarama alifariki akiwa kazini Desemba 2020, naibu wake Amos Nyaribo akachukua usukani, kisha akachaguliwa mwaka 2022, mwaka ule ule Simba Arati alipoingia Kisii. Bunge la Kaunti ya Kisii lina wadi 45 na la Nyamira 20. Waliotarajia utulivu wa mlimani walikosea. Machi 2024 naibu gavana wa Kisii, Robert Monda, alivuliwa wadhifa na Seneti, wa kwanza wa cheo chake kung'olewa hivyo tangu ugatuzi uanze. Nyamira, wawakilishi wadi walijaribu kumng'oa gavana wao zaidi ya mara moja, kisha wakagombana wao kwa wao juu ya kiti cha spika hadi bunge likawa makundi mawili, na moja likafanya vikao nje ya ukumbi likijiita Bunge Mashinani.

Jina hilo lingewafurahisha watu wa Glarus, jimbo la Uswisi ambako kila mwaka raia hukusanyika uwanjani, hewani, wakainua mikono kupitisha sheria. Mkutano wao wa wazi una karne nyingi, na una aibu zake pia: ndugu yake wa Appenzell ya ndani hakuwaruhusu wanawake kuinua mkono hadi mahakama kuu ilipolazimisha mwaka 1990. Kukutana chini ya anga si dhamana ya haki, Glarus wala Nyamira.

Hata hivyo kipo kitu ambacho dola ndogo za Ulaya zimekiandika sheria na Gusii bado inakifanya kwa mazungumzo ya faragha. Bunge la Andorra lina wajumbe 28; 14 kati yao hutoka kwenye parokia 7, wawili wawili, hata kama parokia moja ina watu wachache kuliko kijiji. Ukubwa hauna sauti katika nusu hiyo. Gusii, mgombea ugavana hutafuta naibu kutoka ukoo mwingine, na baada ya ushindi orodha ya mawaziri wa kaunti hukaguliwa mezani: Nyaribari wana wangapi, Bobasi wangapi, Bonchari wamesahauliwa? Hakuna kifungu kinachotaja koo. Kila mtu anajua hesabu, na anayeikosea huisikia msibani, kanisani na kwenye redio za Ekegusii.

Tume ya mipaka nayo huijua, ingawa hufanya kazi kwa idadi ya watu. Ilipoongeza maeneo bunge ya Kenya kutoka 210 hadi 290 mwaka 2012, Gusii ilitoka maeneo 10 ikapata 13. Hakuna hata jina moja la ukoo lililofutwa. Bomachoge ikawa Bomachoge Chache na Bomachoge Borabu. Kitutu Chache ikawa ya Kaskazini na ya Kusini. Katiba inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12, na muda huo umeshapita. Kwenye vikao vya chai pale Manga, swali si kama jina la Kitutu litabaki. Swali ni mkia gani mwingine litaongezewa, na ni nani atakayebahatika kuishi upande wake wa juu.